Chuo cha ufundi na waajiri wa Kigoma na Tabora: ushirikiano wa kweli unaanzia wapi?

SWALI: Mwalimu wa uchomeleaji, Kigoma

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninafundisha uchomeleaji na uungaji vyuma katika chuo kimoja cha ufundi stadi mkoani Kigoma, na ninaleta swali ambalo sisi walimu wa karakana tumekuwa tukiulizana kila msimu wa fildi unapokaribia. Mfumo wetu wa mafunzo unazingatia umahiri, maana yake mwanafunzi hapimwi kwa alichokikariri bali kwa anachoweza kukifanya kwa mikono yake mbele ya mtahini, na sehemu kubwa ya umahiri huo inatarajiwa kupatikana kazini, kwa mwajiri. Katika mtaala jambo hili limeelezwa vizuri. Huku kwetu utekelezaji wake umekuwa ni barua ya kuomba nafasi, muhuri wa mwajiri, na mwanafunzi anayerudi baada ya wiki kadhaa akiwa hana jipya la kuonyesha.

Safari iliyopita nilikusanya logibuku, yaani madaftari ya kumbukumbu za kazi za fildi, za darasa langu na kuzisoma ukurasa kwa ukurasa. Ya kijana mmoja, ambaye mkono wake ni mzuri kuliko wa wenzake wengi, ilikuwa imeandikwa wiki ya kwanza "usafi wa eneo la kazi", wiki ya pili "kubeba malighafi", wiki ya tatu "usafi" tena, na kila ukurasa umesainiwa na kugongwa muhuri na msimamizi wake kana kwamba hayo ndiyo mafunzo yaliyokusudiwa. Kijana hana kosa. Alikwenda alikopelekwa, akafanya alichoagizwa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mambo haya yanatokea wakati ambao kazi zinakuja kwetu. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022, na mwanzoni mwa 2025 ukafuata wa kipande cha kutoka Uvinza kuelekea Musongati nchini Burundi. Uko mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Kilimo cha michikichi kimepewa msukumo mpya tangu 2018, na mashine za kukamua mawese zinaundwa na kutengenezwa humu humu mkoani. Naogopa kwamba kazi hizi zitafanywa na mafundi wanaotoka mbali huku vijana wetu wakishika mafagio.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie kwa mambo matatu. Makubaliano kati ya chuo na mwajiri yaandikwe nini ndani yake ili yasiishie kwenye picha ya kupeana mikono? Gharama za mwanafunzi akiwa kazini zibebwe na nani? Na kwa mkoa kama wetu, ambako viwanda vikubwa vinahesabika, tunapozungumzia ushirikiano na viwanda tunamaanisha nani hasa?

JIBU LA 1: Mwenye karakana, Tabora Mjini

Mwalimu, heshima yako. Nimesoma swali lako mara mbili, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao wanaopokea barua zenu, nitasema wazi kwa nini mwanafunzi hupewa fagio.

Barua huja Ijumaa, vijana wanafika Jumatatu wakiwa sita au saba. Barua haisemi wanajua nini. Kila chuma kilichomo karakanani kwangu kimelipiwa na mteja, ama ni skwea paipu ya geti ama ni shafti ya mashine ya kusaga, na kikiharibika ninakilipa mimi. Fundi wangu analipwa kwa kazi aliyoimaliza. Akisimama nusu saa kumwelekeza mwanafunzi, nusu saa hiyo imetoka mfukoni mwake. Na kijana akiungua au cheche ya grenda ikimwingia jichoni, sijui nitamweleza nini mzazi wake, maana si mwajiriwa wangu na chuo hakijaniachia karatasi yoyote ya bima. Katika hali hiyo kazi pekee isiyo na hasara kwangu ni kufagia.

Mambo yalibadilika pale mwalimu wa chuo kimoja alipokuja mwenyewe, miezi kadhaa kabla ya fildi, akakaa kwenye benchi akatazama tunavyofanya kazi, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na chuo chochote: msimu ujao una kazi gani nyingi? Nikamwambia mabomba ya mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku. Wakulima wa Urambo na Kaliua wanahitaji mabani yao yawe tayari kabla ya kuanza kukausha, kwa hiyo oda hufika kwa pamoja na mimi huzidiwa. Tumbaku inayokaushwa kwa mvuke haitakiwi kuguswa na moshi. Moto unawaka kwenye tanuri, moshi unapita ndani ya bomba la bati hadi nje, na joto la bomba ndilo linalokausha majani. Mshono ukivuja, moshi unaingia bani zima na daraja la tumbaku linashuka sokoni. Kazi hii inaonekana rahisi, lakini inataka umakini wa hali ya juu, kwa kuwa bati ni jembamba na mkono usiotulia hulitoboa mara moja.

Tulikubaliana kwamba vijana waletwe wawili wawili wala si kundi zima, na waletwe wakati wa oda, hata kama kalenda ya chuo inasema vingine. Siku za mwanzo walifanyia mazoezi kwenye mabaki ya bati, kwa rodi za kuchomelea walizopewa na chuo. Kila bomba walilounga tulilipima kwa kuwasha majani mabichi ndani yake, kuziba midomo yote miwili na kuangalia moshi unapenya wapi. Palipotoka moshi palitiwa alama ya chaki na aliyeunga alirudia mwenyewe. Baada ya hapo niliwaachia kazi za wateja, na niliwapa nauli na chakula cha mchana kwa sababu sasa walikuwa wanaingiza kitu.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu gharama ni kwamba zigawanywe kwa hatua. Kijana anapokuwa bado anaharibu, vifaa vya kujifunzia vitoke chuoni. Anapoanza kuzalisha, mwajiri amlipe hata kama ni kidogo. Msimwombe mwenye karakana abebe yote tangu siku ya kwanza, kwa sababu atakubali kwa mdomo na kuwapa fagio.

JIBU LA 2: Mstaafu wa usimamizi wa mafunzo ya ufundi, Tabora

Namshukuru mwenye karakana kwa kuweka mambo bayana. Nitaongeza upande wa sheria na fedha, kwa sababu walimu wengi hawausikii mpaka wanapokuwa wakuu wa vyuo.

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, iliyounda VETA, yaani mamlaka ya mafunzo hayo, haikumchukulia mwajiri kama mtu wa kuombwa msaada. Ilimweka ndani ya mfumo: wawakilishi wa waajiri wanakaa kwenye bodi, na mafunzo yanagharimiwa kwa sehemu na tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri huilipa kutokana na jumla ya mishahara wanayotoa. Tozo hiyo iliwahi kuwa asilimia 6, ikapunguzwa kwa awamu, na mwaka 2023 ikashushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Fedha hizo haziendi zote kwenye ufundi stadi, na hilo limekuwa lalamiko la waajiri kwa miaka mingi. Mwalimu, ukienda kwenye kampuni kubwa kuomba nafasi, tegemea kuambiwa: "Sisi tumekwisha kulipia mafunzo." Wana haki ya kusema hivyo. Jibu lenye uzito ni kuwaonyesha kwamba kilicholipiwa kipo, kwamba unao vijana wanaoweza kufanya jambo fulani linalotajika, na uwaalike waje kuwapima.

Kwa upande mwingine, tangu 2021 tozo hii inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Karakana za aina ya huyu ndugu yetu nyingi ziko chini ya hapo. Hazilipi tozo, haziitwi kwenye mikutano ya wadau, na mara nyingi hazimo kwenye orodha ya "viwanda" inayoandaliwa na chuo. Lakini humo ndimo vijana wengi wa Kigoma na Tabora watakamopata riziki yao, na kwa maoni yangu humo ndimo ushirikiano wenu uanzie, Mwalimu.

Mfano wa ushirikiano mkubwa uliofanikiwa tunao nchini. Kampuni za madini, kupitia chemba yao, zilikubaliana na VETA kuendesha mafunzo ya ufundi wa migodini katika chuo cha Moshi. Wenye migodi walishiriki kusema fundi wa mgodini anatakiwa ajue nini, wakachangia gharama, na wakawachukua wanafunzi migodini mwao kwa mafunzo ya kazini. Lililowezesha jambo hilo ni kwamba migodi ilikuwa na chombo kimoja cha kuisemea. Chuo hakikulazimika kubisha hodi mlango kwa mlango.

Wengi hupenda pia kutaja Ujerumani, ambako mwanagenzi hushinda siku tatu au nne za wiki kwa mwajiri na siku moja au mbili shuleni, na kulipwa posho na mwajiri huyo kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Ni mfumo mzuri, lakini tuutazame kwa makini kabla ya kuuiga. Kule mkataba ni kati ya kijana na kampuni, upo chini ya sheria ya mwaka 1969, na mitihani inasimamiwa na chemba za biashara na za mafundi ambazo sheria imezipa mamlaka hayo. Tukichukua ratiba ya siku tatu kwa mbili tukaacha hicho chombo cha waajiri chenye mamlaka, tutakuwa tumechukua kivuli chake. Kigoma na Tabora hatuna chemba ya mafundi yenye nguvu hiyo, ila tuna SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, tuna vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku vinavyonunua mabomba kwa pamoja, na tuna vikundi vya wakamuaji mawese. Zungumzeni na chama kimoja badala ya karakana kumi na moja zilizotawanyika.

Sasa nifikie jambo ambalo nadhani ndilo ufunguo, na ambalo sijaona vyuo vikilitumia ipasavyo. Mmekuwa mkiwaendea waajiri kama waombaji, wakati mnacho kitu wanachokihitaji. Upo utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa ujuzi wake na kupewa cheti cha VETA bila kurudi darasani kwa miaka. Fundi wa karakana hiyo ya Tabora huenda anaunga mabomba vizuri kuliko wahitimu wetu, lakini zabuni ikitangazwa na halmashauri au mkandarasi wa reli akiuliza vyeti, hana cha kuonyesha. Wekeni kwenye makubaliano kwamba karakana itakayomfundisha mwanafunzi wenu, mafundi wake watasaidiwa kurasimishwa, na watapata saa kadhaa za kutumia mashine ya kukereza ya chuo, ile ya kuchonga vyuma vya mviringo kama shafti, ambayo wao hawana. Fundi akijua kwamba kijana aliyesimama pembeni yake ndiye sababu ya yeye kupata cheti, hatampa fagio.

Kwa maswali ya utaratibu wa urasimishaji, ofisi za VETA Kanda ya Magharibi ziko hapa Tabora, na chuo cha VETA cha mkoa kipo pia hapo kwenu Kigoma.

JIBU LA 3: Fundi mchomeleaji, Uvinza

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nilihitimu ufundi wa kuchomelea katika mkoa huu wa Kigoma, na ninafanya kazi za kuunga vyuma Uvinza na vijiji vya jirani. Ninaunga mkono yaliyosemwa, lakini nina wasiwasi kwamba tukiishia kwenye karakana ndogo peke yake tutakuwa tumewafungia vijana mlango mwingine.

Niliwahi kuitwa kwenye usaili wa uchomeleaji kwa mkandarasi. Hawakuuliza swali hata moja la mdomo. Nilipewa vipande viwili vya bamba nene lililochongwa kingo, rodi za 7018 zilizotolewa kwenye kijoko cha kuzikaushia, na nikaambiwa niunge nikiwa nimelisimamisha bamba wima, kutoka chini kwenda juu. Baada ya hapo kipande kinakatwa na kupindwa kwa mashine. Kikipasuka kwenye mshono umeshindwa. Chuoni nilikuwa nimeunga kwa rodi za kawaida, zile 6013, bamba likiwa limelala juu ya meza. Fildi nilifanya madirisha na mageti kwa rodi hizo hizo. Hakuna mahali nilipokuwa nimefundishwa kwamba 7018 hunyonya unyevu wa hewani, na kwamba ikiwa na unyevu mshono hupata nyufa hata kama kwa nje unang'aa. Nilishindwa usaili ule, na wenzangu wengi walishindwa vilevile.

Sisemi haya ili kulaumu karakana za mtaani, kwa sababu zinafanya kazi ambayo mteja wake anaitaka. Ninachoomba kwa Mwalimu ni kwamba makubaliano na kampuni kubwa yasiwe ya kuomba nafasi za fildi tu, nafasi ambazo hata zikitolewa hazitazidi chache. Waombeni jaribio lao. Waombeni wawape maelezo ya usaili wao, mabaki ya mabamba wanayoyatupa, na fundi mkaguzi wao aje chuoni walau siku moja kwa muhula apime kazi za wanafunzi kwa kipimo kile kile wanachotumia wao. Kwa kampuni hilo ni jambo dogo, lakini kwa darasa zima ni kubwa, kwa kuwa kila mwanafunzi, hata yule aliyefanya fildi kwenye karakana ya mageti, atajua amesimama wapi. Na waalikeni walimu wenyewe wakae kazini kipindi cha likizo. Mwalimu wangu alikuwa hodari, nasema kwa heshima zote, lakini rodi za kukaushwa kwenye kijoko hakuwahi kuzishika.

Kuna la pili, linalotuhusu sisi wasichana. Ninaomba liandikwe kwenye makubaliano, lisiachwe kwenye hisani ya mtu. Sehemu niliyofanyia fildi hapakuwa na choo cha wanawake, na nilikuwa natumwa chai wakati kijana tuliyeanza naye siku moja yuko kwenye mashine. Andikeni kwamba mwanafunzi wa kike atapangiwa kazi zile zile za ratiba, kwamba patakuwa na mahali pa kubadilishia nguo na choo, na kwamba ana namba ya mwalimu wa kumpigia endapo atasumbuliwa. Mwajiri akiona masharti hayo ni mazito, basi hapo si mahali pa kumpeleka mtoto wa mtu.

MWALIMU WA UCHOMELEAJI, KIGOMA, ANARUDI

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Nimeyachapisha majibu haya na kuyapeleka kwa mkuu wa chuo.

Nikiyaweka pamoja, naona makubaliano yetu yaanze na ukurasa wa kazi, kabla ya maneno ya heshima na dira: msimu huu karakana ina oda za aina gani, mwanafunzi atafanya zipi kwa mpangilio gani, fundi yupi anamsimamia kwa jina, na kazi yake itapimwaje kabla ya logibuku kusainiwa. Moshi unaovuja kwenye bomba ni kipimo ambacho hata mzazi asiyejua ufundi anakielewa. Ukurasa wa pili uwe wa gharama, kwa hatua alizozitaja ndugu wa Tabora, pamoja na bima na vifaa vya kujikinga, na masharti ya wanafunzi wa kike aliyoyaeleza fundi wa Uvinza. Ukurasa wa tatu useme chuo kitatoa nini, na hapo nitaweka urasimishaji na saa za mashine ya kukereza. Kwa upande wetu bidhaa ya msimu haitakuwa mabani bali mashine za mawese. Shafti na beringi za mashine hizo huisha haraka, na wenye karakana wa huku hulazimika kusafirisha shafti mbali ili ikakerezwe, ilhali mashine ya chuo imesimama siku nyingi za wiki.

Nabakiwa na swali kwa mwenye karakana. Hao vijana wawili wawili uliowapokea, ni nani aliyewachagua, wewe au chuo? Naogopa nikipeleka walio bora tu, wale dhaifu ambao ndio wanaohitaji kazi halisi watabaki karakana ya chuo mwaka mzima.

MWENYE KARAKANA, TABORA MJINI

Mwalimu, mara ya kwanza chuo kilinichagulia, na kilinileta walio bora, na mimi nilifurahi. Mara iliyofuata mwalimu aliniletea mmoja hodari na mmoja mzito, akaniambia wafanye kazi kwenye bomba moja, huyu ashike huyu aunge, kisha wabadilishane. Yule mzito alichelewa, lakini kwa kuwa bomba lilikuwa la wote wawili na moshi ukitoka wanarudia wote, mwenzake hakumwacha nyuma. Huo ndio mpango ninaokushauri. Ila usinifiche, niambie mapema yupi ni yupi, ili nimpange kwa fundi mwenye subira, kwa sababu si mafundi wangu wote wanayo.

Na kuhusu mashine ya kukereza, usisubiri makubaliano yasainiwe. Mwite mwenye karakana mmoja wa mawese aje na shafti yake iliyochakaa wiki hii, wanafunzi wako wamkerezee yeye akiwa amesimama hapo akiangalia vipimo.